Kilio Kisicho na Maiti

Nyayo zilikuwa zinatoka. Hilo ndilo Roop aliloliona asubuhi ile alipofungua mlango wa pembeni kwenda kutupa takataka. Theluji ilikuwa mpya, haijakanyagwa na gari wala mbwa, na juu yake kulikuwa na nyayo za mtu asiye na viatu, zikianzia kizingitini kwao mpaka barabarani, vidole vikielekea nje. Akawapitisha watu wa nyumba kichwani. Mama alikuwa jikoni anakanda unga. Bibi alikuwa kitandani na shanga zake za sala. Baba hajarudi na lori lake kutoka Winnipeg. Hakuna aliyetoka. Na hata kama yupo, nani mwenye akili timamu anatembea pekupeku Brampton, Kanada, mwezi wa Januari?

Akatoa simu akazipiga picha, maana siku hizo Roop hakuweza kuona jambo bila kulipiga picha. Kisha akazisahau, kwa sababu simu yenyewe ilikuwa inatetemeka mkononi bila kupumzika. Video aliyoiweka jana yake ilikuwa imeshatazamwa na watu milioni moja na nusu.

Kwa wazazi wake, Manroop Kaur alikuwa binti wa miaka ishirini na nne anayejiandaa na mtihani wa leseni ya unesi, na ambaye wakati wa kuchipua majani ataonwa na wazazi wa kijana mmoja wa Surrey, upande wa pili wa Kanada, familia nzuri, watu wa nidhamu. Kwa watu wa mtandaoni alikuwa Shangazi Mlizi. Alijifunika mtandio mweupe, akajichora doa shavuni, akakaa chini na kujipiga kifua kama wanawake wa zamani wa Punjabi kwenye msiba. Chapati ikiungua, Shangazi Mlizi aliiombolezea. Simu ikiisha chaji, aliiombolezea kwa jina na kwa sifa zake zote. Kuanzia Southall ya Uingereza mpaka Ludhiana ya India watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Baba peke yake hakucheka. Madereva wenzake walimwonyesha kule kwenye yadi ya malori, wakamuuliza, "Balkar, huyu si bintiyo?" naye akawajibu kwamba yeye hamjui. Aliporudi nyumbani akamwambia Roop hivyo hivyo, bila kupandisha sauti: "Nimekukana mbele za watu. Usinifanye nirudie." Neno hilo lilimkaa Roop rohoni, lakini halikumzuia.

Sasa, wanawake wa umri wa Bibi wanajua jambo moja ambalo hakuna aliyejisumbua kuwaambia wajukuu waliozaliwa Kanada. Wimbo wa msiba hauimbwi ndani ya nyumba isiyo na maiti. Hata anayejifunza huenda shambani, akajifunzia huko. Roop alikuwa ameimba ndani miezi mingi, ila maneno yake yalikuwa mzaha mtupu, na chapati iliyoungua haina roho ya kuitika. Jana yake mizaha ilimwishia. Akakumbuka wimbo ambao Bibi huuimba kwa sauti ya chini, tena nje tu, nyuma ya nyumba kwenye kamba ya nguo, hata theluji ikiwa imefika magotini. Roop siku zote alidhani bibi yake anapenda hewa. Akashuka kwenye chumba cha chini ya nyumba, akawasha taa yake ya duara, akauimba wote neno kwa neno:

*Channi we, mtandio wako nani kaukunja?*
*Channi we, maji ya moto nani kakutekea?*
*Channi we, mlango wako nani kaufunga?*

Hakujua Channi ni nani. Alidhani ni jina la kwenye nyimbo tu.

Sasa alikaa kitandani anasoma maoni ya watu, na wengi waliuliza jambo moja. Nani huyo anayekuitikia? Mbona humwonyeshi? Sauti yake imenitoa machozi.

Roop alikuwa amerekodi peke yake. Akavaa vifaa vya masikioni, akaongeza sauti. Kilio cha kwao huwa na kiongozi na waitikiaji, mmoja anatamka na wengine wanajibu kwa kujipiga vifua. Baada ya mstari wa kwanza alisikia, mbali kidogo nyuma ya sauti yake, *haaye, haaye*. Baada ya mstari wa pili sauti ile ilikuwa karibu zaidi. Kwenye mstari wa tatu ilikuwa sikioni kwake, nzito, ya mwanamke, inayoitikia kwa pupa kama mtu aliyekaa na kiu siku nyingi akaletewa maji.

Alipaswa kuifuta pale pale. Alijua, na kidole kilikuwa juu ya alama ya kufutia. Lakini dakika ile ile waandaaji wa tamasha moja la Toronto walikuwa wamemwandikia wakimtaka apande jukwaani, na Roop akajiambia ataifuta kesho. Hapo mimi simtetei.

Saa sita mchana Baba alirudi. Alikuwa hajavua koti alipokunja uso, akanusa. "Sukhwant, kuna nini humu? Kunanuka zizi."

"Mfereji wa maji machafu, labda," Mama akasema, lakini yeye pia alikuwa amefungua madirisha tangu asubuhi. Ilikuwa harufu ya majani mabichi yaliyooza, kinyesi cha ng'ombe na mafuta ya haradali yaliyoungua, katika mtaa ambao ng'ombe hajawahi kupita.

Baba akapiga hatua moja kuelekea jikoni, akashika mgongo kwa mikono miwili, akapiga magoti. Balkar Singh alikuwa mtu wa kubadili tairi la lori peke yake kwenye baridi. Roop hakuwahi kumsikia akilia. Sasa alitoa mlio mrefu wa chini kwa chini, kilemba chake kikiwa kimegusa sakafu.

Hospitali walimpima kila kitu wakamrudisha na vidonge. Hana ugonjwa, walisema. Jioni Mama akamvuta Roop kwenye kona ya jokofu.

"Sema polepole, Baba yako asisikie. Nimekuwa nikitazama saa. Yanakuja kila baada ya dakika arobaini. Yanaanzia mgongoni, yanazunguka mbele, halafu yanaachia kama hakuna kitu."

"Itakuwa figo, Mama."

"Wewe ndiye unayesomea unesi. Niambie ni figo gani inayokuja kwa zamu."

 Roop alikuwa amepita wodi ya wazazi miezi miwili, na alikuwa ameshajua tangu kwenye gari wakienda hospitali.

"Mimi nilikuzaa wewe kwa saa ishirini," Mama akanong'ona. "Ule si ugonjwa. Ule ni uchungu."

"Mama, Baba ni mwanaume!"

"Kwani mimi kipofu?"

Wakageuka pamoja, kwa sababu Bibi alikuwa amesimama mlangoni. Bibi Nihal alikuwa na miaka sabini na mitatu na kwa kawaida hatembei bila fimbo. Sasa fimbo hakuwa nayo. Alikuwa ananusa hewa, na uso wake ulikuwa umepauka.

"Nani ameimba humu ndani?" akauliza.

Mama akamgeukia bintiye.

"Roop. Mjukuu wangu. Umeimba wapi?"

"Chini, Bibi. Ilikuwa video tu. Ya kuchekesha."

"Hebu niisikie."

Roop akaiweka. Bibi alisikiliza mpaka mstari wa tatu, na sauti ile ilipoitikia, mkojo ukamshuka bibi wa watu mpaka kwenye zulia, naye hakuonekana kujali. Akaomba kiti. Akaongea huku akitazama mikono yake.

"Channi alikuwa mke wa babu yako kabla yangu. Alikaa miaka sita hana mtoto, ndipo wakanileta mimi. Nina miaka ishirini na moja, kwetu tuko mabinti watano, hakuna anayetaka kuniona nikirudi. Haukupita mwaka, Channi akashika mimba. Yeye, si mimi! Mama mkwe akasema mimba si ya mwanawe, ameipata kwa wachunga ng'ombe. Uongo, na wote tuliujua. Uchungu ulipomwanza wakamtia kwenye stoo ya majani ya ng'ombe, wakaweka komeo kwa nje, wakaenda kuvuna. Mimi wakaniacha nyumbani."

"Ukafanya nini, Bibi?"

"Nilikaa mlangoni. Siku tatu. Aliniita dada. Aligonga, akaniita dada, akaniambia fungua tu, maji tu, sitamwambia mtu. Na mimi nikawa nafikiri, akizaa mtoto wa kiume mimi narudi kwetu." Bibi akajifuta pua kwa mtandio. "Akanyamaza siku ya tatu jua likiwa utosini. Maiti yake waliichoma kabla majirani hawajaamka. Hakuna mwanamke aliyejipiga kifua kwa ajili yake. Basi nikatunga mimi huo wimbo, nikauimba miaka hamsini na mbili, nje tu, ili asipate njia ya kuingia. Wewe umemwita mpaka ndani."

Roop akakumbuka. Akamwonyesha ile picha ya asubuhi. "Lakini ameondoka, Bibi. Angalia nyayo. Zinatoka."

Bibi akaisogeza simu karibu na macho.

"Mwanamke akifa na uchungu kwa kuonewa anakuwa chureli, mwanangu. Na chureli miguu yake imegeukia nyuma. Huyu hakutoka. Huyu aliingia."

Nyuma yao, ng'ambo ya mlango wa kushukia chumba cha chini, kitu kilikwaruza mbao mara moja, taratibu.

Siku ya pili uchungu ulikuja kila baada ya dakika ishirini. Roop aliifuta video, na hilo halikusaidia, kwa kuwa maelfu ya wasichana walikuwa wameshaichukua na kuuimba wimbo ule wenyewe, kila mmoja ndani ya nyumba yao, wakijipiga vifua na kucheka. Mzee msomaji wa gurudwara, hekalu lao, aliitwa. Wakati wote wa kisomo Baba alilala kama mtoto. Mzee alipomaliza na kusimama, Baba akaanza tena kupiga kelele.

"Mimi nasoma, sifukuzi," mzee alimwambia Mama mlangoni akivaa viatu kwa haraka. "Na huyu hakuja kucheza. Amekuja na haki yake. Mtafuteni anayemtaka."

"Anamtaka nani?" Roop alimuuliza Bibi. "Kama ni wewe uliyekaa mlangoni, mbona anamtesa Baba?"

"Mimi nikifa leo nitakuwa nimeshiba miaka. Atapata nini? Anamtaka yule niliyemzaa mahali pa wa kwake. Siku tatu, kama alizokaa yeye. Kesho saa sita."

Baba alikuwa amesikia yote. Kati ya uchungu na uchungu alijiinua kwa kiwiko, ndevu zikiwa zimelowa jasho. "Mama, usimtukane baba yangu. Alikuwa mtu wa heshima zake. Sisi ni Masingasinga, hayo ya chureli hatuna." Kisha yakamkamata tena, akauma mto, na Mama akamsugua mgongo na kumwambia apumue, apumue, kama alivyoambiwa yeye na mkunga.

Siku ya tatu, saa tano na nusu, kulikuwa na jua kali juu ya theluji na nyumba nzima ilijaa mwanga. Uchungu haukuwa na nafasi tena katikati. Bibi alikuwa ameoga na kuvaa nguo nyeupe. Akamshika Roop mkono mpaka jikoni, mbele ya mlango wa kushukia chini. Mlango ule ulikuwa na komeo upande wa jikoni, tangu wakati walipowapangisha wanafunzi chumba kile na Mama hakutaka wapande ovyo.

"Nashuka," Bibi akasema. "Anataka mtu aingie alikoingia yeye, na afungiwe na mtu wa damu yake mwenyewe. Ukinifungia, baba yako anapona."

"Bibi, hapana. Acha nimwite Mama."

"Mama yako atanionea huruma. Sikiliza. Nitagonga. Mimi binadamu, nitaogopa, nitagonga na nitakuita kwa majina yote mazuri. Usifungue."

Akashuka. Harufu ya zizi ikapanda ngazi ikampiga Roop usoni. Akafunga komeo.

Mwanzoni alisikia mazungumzo, wanawake wawili wakiongea chini chini, mmoja akiuliza na mwingine akijibu, na kwa muda mfupi Roop akapata matumaini kwamba watapatana kama watu waliokula sahani moja. Juu, Baba alikuwa amenyamaza kwa mara ya kwanza tangu alfajiri. Kisha Bibi akasema, kwa sauti ya msichana, "Umekuja naye?" na kitoto kichanga kikalia, kilio chembamba chenye maji kooni, na Bibi akapiga ukelele ambao Roop hakuwahi kuusikia hata wodini, na miguu ya bibi kizee asiyeweza kutembea bila fimbo ikapanda ngazi mbio, ikajikwaa, ikapanda tena, na mlango ukapigwa kwa viganja viwili, Roop, Roop, fungua mwanangu, fungua moyo wangu, amenipa nimshike, hana macho, Roop, fungua, na Roop akaweka mkono kwenye komeo, na hapo hapo juu Baba akalia kama mtu anayechanwa vipande viwili na Mama akamwita Mungu, Waheguru, Waheguru, damu, anatoka damu, na Roop akautoa mkono na Baba akanyamaza, akauweka tena na Baba akalia, akautoa, na Bibi bado anagonga, sasa kwa kucha, sasa haiti tena mjukuu wangu bali anaita dada, dada, maji tu, sitamwambia mtu, na Roop akasimama katikati ya jiko lenye jua na mikono yake yote miwili akaifumbata kwapani, akailazimisha ikae huko, akalia na kukaa pale pale, mpaka saa ya ukutani ikafika sita na kila kitu kikanyamaza.

Akaegemea mlango. Upande wa pili mtu alikuwa anapumua, karibu sana, kwenye usawa wa sikio lake.

"Nilidhani utafungua," ikasema ile sauti nzito ya kwenye video. "Lo, kumbe. Damu yake kabisa wewe."

Bibi walimkuta ngazi ya juu kabisa. Daktari akaandika moyo. Kuhusu kucha zake hakuandika kitu, na Mama alimvisha glavu kabla ya watu kuja kumuaga. Baba aliamka siku ile ile akaomba chapati na maziwa ya mgando, akala sita.

Roop hakurudi mtandaoni, na hakumwambia mtu. Alipika chai, akatandika mashuka meupe sebuleni, akawapokea waliokuja kuhani. Siku ya kumi, baada ya kisomo cha mwisho, walifika hata wale wazazi wa kijana wa Surrey, wamepanda ndege kabisa. Walikuja kuhani, na walikuja pia kutazama. Mama wa kijana alikuwa mwanamke mnene mwenye macho makali. Alikunywa chai yake yote, akaweka kikombe chini.

"Wanasema marehemu alifungiwa huko chini kwa bahati mbaya," akasema. "Na wewe mwanangu ulikuwa hapo jikoni. Hukumsikia akigonga?"

 Mama aliinua macho kutoka kwenye sinia la vikombe, akamtazama bintiye, na Roop akaona kwamba Mama anajua, kwamba alijua tangu siku ile, na kwamba hatasema kamwe.

"Sikusikia, Mama," Roop akamjibu mgeni. "Nilikuwa na vifaa masikioni."

"Vijana wa leo na simu zao," akasema Baba haraka, kabla mgeni hajaongeza neno. Akainuka, bado dhaifu, akaja akamwekea Roop kiganja kichwani mbele ya watu wote, yeye aliyewahi kumkana mbele za watu. "Lakini huyu binti yangu nimemlea mwenyewe. Namjua. Hana doa."

Mama wa kijana akatikisa kichwa kukubali, akatabasamu. Mkono wa Baba ulikuwa mzito na wa joto. Chini yake, huku wote wakimtazama, Roop akahisi kitu kinajigeuza taratibu chini ya kitovu chake, kinatafuta nafasi ya kukaa, kisha kikampiga teke.